Naomba muongozo: nimeambiwa kuna nafasi za krew (wafanyakazi wa melini) kwenye meli za matanga za mashindano huko Ulaya, niko Dodoma

Binti_Mpunguzi:
Habarini za jioni wakubwa kwa wadogo. Mi ni binti wa miaka 22, kwetu Mpunguzi ila kwa sasa nakaa Chang'ombe hapa Dom, nafanya miamala kwenye kibanda. Sasa kuna kaka mmoja ni mteja wangu ana ofisi yake anasema anapeleka vijana nje, ameniambia kuna mashindano ya meli kubwa zile za zamani zenye matanga, kila mwaka wanatafuta vijana wa kuwa krew na hawahitaji uzoefu wowote, mshahara dola 1,800 kwa mwezi, chakula na malazi juu yao. Anachotaka ni laki sita na nusu ya usajili na viza yeye anashughulikia. Nimeona na picha kabisa, vijana wamepanda juu ya milingoti wamejipanga kama ndege kwenye waya wa Tanesco, yani moyo wangu ukadunda. Mi bahari nimeiona mara mbili tu maisha yangu yote, zote Koko Bichi, na kuogelea sijui kabisa. Mama nimemgusia tu akaanza kulia anasema MV Bukoba imeondoka na shoga yake mwaka 1996 sitaki kusikia habari za meli. Je hivi vitu vipo kweli? Na kama vipo mtu wa bara kama mimi anaweza? Hela ninayo ila ndo ya mtaji, naomba msinicheke.

Kipupwe_Dom:
Mgogo baharini 😂😂 na mbuzi unamwachia nani sasa. Natania dada angu, ngoja wajuzi waje, mi nimekaa hapa na kahawa yangu.

Chumvi_Miaka_19:
Mdogo wangu kaa na hela yako kwanza, hiyo laki sita usiitoe hata shilingi mpaka umalize kusoma hapa. Mimi ni mtu wa Tanga ila nimestaafia huku Kisasa, nimefanya meli za mizigo miaka 19 so hayo mambo ya usajili nimeyaona yakiwaliza watu wengi.

Iko hivi. Mashindano yapo kweli, yanaitwa Tall Ships Races, wala hajakudanganya hapo. Yalianza 1956, meli 20 zikatoka Torquay Uingereza mpaka Lisbon Ureno, na waanzilishi walidhani wanaziaga meli za matanga kwamba ndo mwisho wake, watu wakapenda wakaendelea mpaka leo. Na kweli vijana wanachukuliwa bila uzoefu, kanuni yenyewe inasema angalau nusu ya watu wote walioko kwenye meli wawe na umri wa miaka 15 mpaka 25. Kwahiyo 22 yako haina shida.

Shida iko kwenye mshahara. Kwenye meli hizi kuna watu wa aina mbili. Kuna mabaharia wenyewe walioajiriwa, nahodha, maofisa, serang'i (msimamizi wa mabaharia), injinia, mpishi, hao wana vyeti na wanalipwa. Halafu kuna hao vijana, wao ni wanafunzi, wanafanya kazi zote za meli lakini HAWALIPWI, wao ndo wanalipa nafasi, na sio hela ndogo, mara nyingi ni euro 100 kwenda juu kwa siku moja. Piga hesabu safari ya siku kumi, hapo ni karibia milioni tatu za kwetu na bado tiketi ya ndege. Wengi wanalipiwa na shule zao, manispaa zao au wafadhili.

Sasa angalia huyo jamaa alivyochanganya, anakuahidi mshahara kama baharia hapo hapo anataka ulipe kama mwanafunzi. Haiwezi kuwa vyote. Kama ni kazi ya ubaharia kweli, mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006 unakataza wakala kumtoza baharia hela ya kumtafutia kazi. Baharia anachojilipia ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na paspoti basi, hata viza ni ya mwenye meli. Na kazi hupati bila mafunzo ya awali ya usalama, kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza na kadhalika, ambayo hapa kwetu unayapata chuo cha bahari DMI pale Dar. Yeye kakuuliza cheti chochote? Hajauliza. Basi umepata jibu.

Muulize swali moja tu: meli inaitwaje. Meli ina jina, ina bandari yake, ina tovuti na namba ya simu. Akikupa jina lete hapa tulitazame.

Binti_Mpunguzi:
Asante sana mzee wangu, shikamoo. Yani nimesoma mikono inatetemeka, jana nilikuwa nimebakiza kidogo nimtumie. Kesho nitamuuliza jina la meli. Ila sa hivi nimeumia kwa kitu kingine, kumbe hivyo vitu vipo kweli ila ni vya wenye hela 😔

Zabibu_Kavu:
Dada usikate tamaa mapema, mi ni wa Kongwa na nimepanda. Sio hadithi ya kuambiwa.

Nilikuwa nasoma Norwe miaka ile, nilikuwa na ufadhili wa masomo, sasa 2018 mashindano yalianzia Sunderland, yakaja Esbjerg, yakapita Stavanger yakamalizikia Harlingen kule Uholanzi. Kuna jamaa yangu wa darasani akaniambia kuna nafasi zimebaki kwenye meli moja kipande cha mwisho cha Stavanger kwenda Harlingen, kuna mfuko unalipia wanafunzi wa kigeni, jaza fomu. Nikajaza kwa utani. Wiki mbili baadae naitwa.

Nikwambie ukweli siku ya kwanza nilijuta. Tumetoka bandarini watu wanapiga picha, mi natabasamu, tumefika bahari ya wazi tu tumbo likapinduka, nilitapika mpaka nikawa natapika hewa. Kuna mama mmoja mtu mzima wa hukohuko akanipa biskuti kavu akaniambia kaa hapa nje katikati ya meli, tazama kule mbali bahari inapokutana na mbingu, usishuke chini. Ndo dawa yenyewe hiyo, ukishuka chini kwenye harufu ya dizeli na viatu vya watu 80 umekwisha. Siku ya pili jioni nilikula sahani mbili.

Kazi ni ya zamu. Mnagawanywa makundi matatu, kila kundi linafanya masaa manne linapumzika manane, usiku na mchana hivohivo. Mi nilipangwa ile ya saa sita usiku mpaka saa kumi alfajiri na ya mchana saa sita mpaka saa kumi. Na hapo nikavuruga siku ya kwanza tu, kuna dogo akanikumbusha kwamba tunaanza "tuelvu", mi usingizi umenijaa kichwani kikageuza geuza saa za kwetu na za kwao nikajikuta nimetoka saa kumi na mbili asubuhi nimevaa mpaka koti la mvua, zamu yangu imeshaisha kitambo watu wananitazama tu. Toka siku hiyo wakawa wananitingisha bembea yangu wenyewe. Maana tulikuwa tunalala kwenye bembea za turubai, zimening'inizwa ukumbi mmoja wanaume kwa wanawake, asubuhi mnazikunja mahali hapohapo panakuwa pa kulia chakula.

Kwenye zamu kuna kushika usukani, mnakuwa wawili wawili maana gurudumu lenyewe kubwa, kuna kukaa mbele kuangalia kama kuna meli nyingine, kuna kuzunguka kukagua moto, halafu kufagia, kusugua shaba, kuosha vyombo jikoni, hamna mtoto wa waziri pale. Na kamba. Aisee kamba! Ziko zaidi ya mia, kila moja ina jina na ina mahali pake pa kufungwa, na usiku unatakiwa uipate kwa kupapasa. Nilikuwa naandika kwenye mkono kwa kalamu kama mtu anayeibia mtihani.

Ila sasa hapo ndo nikaja kupata heshima. Serang'i alikuwa anatufundisha mafundo, kuna fundo moja linatengeneza kitanzi ambacho hakikazi hata ukivuta vipi na baadae linafunguka bila shida, wenzangu wanahangaika nalo nusu saa, mi naliangalia nasema mbona hili ni la kufungia ndama! Babu yangu Kongwa alitufundisha tukiwa watoto, ukimfunga ndama na fundo lingine akivuta usiku asubuhi unamkuta amejinyonga. Nikalifunga nimefumba macho. Yule serang'i akaniuliza umesafiri na meli gani kabla, nikamwambia nimesafiri na ng'ombe.

Kupanda mlingoti ni hiari wala hulazimishwi. Unavaa mkanda una ndoano mbili, unajishikiza. Mi nilienda mpaka jukwaa la kwanza siku ya pili, siku ya tatu nikaenda kabisa kwenye lile boriti la kukingama tukakunja tanga. Miguu inakanyaga kamba, kamba yenyewe jirani yako akihama inaruka na wewe unaruka. Pale juu ukitazama chini meli inaonekana nyembamba kama mtumbwi. Baridi sasa, watu wanasema mwezi wa saba ni kiangazi chao na kweli mchana kulikuwa na joto na jua linazama saa nne usiku, lakini saa nane za usiku baharini wewe chukua ule upepo wa Dom wa mwezi wa sita halafu umwagie maji.

Kuhusu mashindano yenyewe, injini hairuhusiwi kusukuma meli, ni tanga tu. Na kufika wa kwanza sio kushinda, kila meli ina namba yake ya kukokotoa muda kutokana na ukubwa na aina ya matanga, kwahiyo unaweza kufika wa kwanza ukajikuta wa sita. Sisi hatukushinda chochote na wala hakuna aliyenuna. Kuna kombe moja la urafiki, hilo linapigiwa kura na mabaharia wa meli zote, wanaichagua meli iliyofanya zaidi kuunganisha watu, na nilivyoona mimi ndo linaloheshimika. Bandarini mnaandamana mjini kila meli na bendera na ngoma zake, mi nilikuwa na kitenge nimejifunga kichwani watu wa Harlingen wananishangilia utadhani Diamond.

Kuogelea: fomu yangu iliuliza, nikajibu ukweli kwamba ni kidogo sana (bwawa la Hombolo, na lenyewe kwa kushika tairi). Hawakunikataa. Ila jifunze dada, sio kwa sababu ya fomu, kwa ajili yako.

Kipupwe_Dom:
"Nimesafiri na ng'ombe" 😂😂😂 nimemwaga kahawa

Mzee_wa_Foromali:
Asalaam aleikum. Mimi ni mtu wa Pemba nimehamia Chamwino kwa kazi ya serikali, bahari naiota tu sasa. Zabibu Kavu umenikumbusha mbali, ila hilo unaloliita boriti la kukingama kwetu lina jina bwana, ni foromali. Na jahazi linayo, tofauti ni kwamba ya jahazi imelala mshazari na tanga lake ni la pembe tatu hivi, za hao wenzetu zimekingama sawasawa na matanga ni mraba. Kamba ya kupandishia ni henza, ya kukazia tanga kwa nyuma ni demani. Mbele ya chombo ni omo, nyuma ni tezi. Binti ukienda huko wakikutajia majina ya kizungu wewe kichwani yaweke ya Kiswahili, yatakaa.

Na wala msidhani hawa wana kitu kigeni sana. Jahazi ukitaka kukisi tanga unahangaika na foromali kuipitisha mbele ya mlingoti upande wa pili, mara nyingi unaona bora ukigeuzie chombo tezi kwenye upepo, na hizo meli zao kubwa nazo upepo wa mbisho (wa kutoka mbele) unazisumbua hivohivo, mara nyingi zinageuka kwa kuzunguka na upepo nyuma. Upepo ni uleule. Tofauti wao wametunza, wamefanya shule. Sisi majahazi yanaozea pwani vijana wanakimbilia faiba na injini ya Yamaha, hili huwa linaniuma mie mpaka nakosa usingizi lakini sio mada ya leo.

Ninachotaka kumwambia binti: usingoje Ulaya. Resi za vyombo vya tanga zipo Unguja, zipo Lamu huko Kenya wakati wa Maulidi, na ukikosa resi nenda tu Nungwi au Bagamoyo ukae wiki na wavuvi, watakupakia. SGR ipo, Dodoma mpaka Dar ni kugusa. Ukipanda ngalawa siku tatu ukarudi bado unaitaka bahari, hapo sasa jaza fomu. Na ukiandika kwenye barua ya maombi kwamba umeshasukuma ngalawa na umefua maji (kuyatoa chomboni) kwa kata, nadhani watakusoma mara mbili.

Chumvi_Miaka_19:
Mzee wa Foromali umesema vizuri. Naongezea la viza maana ndo linaloua safari nyingi. Tazama bandari zote za safari kabla hujaomba. Mfano 2025 walianzia Le Havre, Dunkirk, wakaenda Aberdeen, halafu Kristiansand na Esbjerg. Hapo Ufaransa, Norwe na Denmark ni viza moja ya Schengen, euro 90 ada yake pamoja na bima ya safari ya matibabu isiyopungua euro 30,000, lakini Aberdeen ni Uingereza, viza tofauti kabisa, na ukitoka Schengen ukataka kurudi lazima yako iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Ndo maana ni bora kuomba kipande kimoja cha nchi zisizokuchanganya. Paspoti shughulikia mapema, ni laki na nusu, na Uhamiaji makao makuu si wako hapahapa Dom, una bahati.

Na mama yako usimdanganye kwamba hamna hatari. Ipo. 1984 meli moja inaitwa Marques ilizama kwenye mashindano hayahaya ikitoka Bermuda kwenda Halifax, dhoruba ya ghafla iliipiga usiku, watu 28 walikuwemo wakafa 19. Baada ya hapo masharti ya uimara wa meli yakakazwa. Ila MV Bukoba ilijaza watu kupita kiasi, MV Nyerere 2018 kule Ukara hivohivo. Mweleze mama, kwenye hizi meli kila mtu ana mahali pake pa kulala, jaketi lake la kuelea na kituo chake cha kujiokoa, na zoezi la kuiacha meli mnafanya kabla hamjaenda mbali. Hiyo ndo tofauti ya kumwelezea, sio kumwambia "mama haizami."

Mpwapwa_Finest:
Naomba kuuliza kwa upande wangu mi nina miaka 31 na kitambi kidogo, naweza?

Zabibu_Kavu:
Unaweza mkuu, wa umri wako wanaingia ile nusu nyingine, kwetu kulikuwa na babu wa miaka 70 na ndo alikuwa anapanda mlingoti kutuzidi. Sema ufadhili mwingi ni wa vijana, wewe jiandae kujilipia. Kitambi kitaisha chenyewe.

Kuhusu ufadhili dada Binti, njia mbili ninazozijua. Moja ni kuandikia meli zenyewe moja kwa moja na kuuliza kama wana mfuko wa kusaidia wasio na uwezo, nyingi ni za taasisi zisizo za faida. Anza na hizi, Christian Radich ya Oslo imejengwa 1937, Sørlandet ya Kristiansand ya 1927, Statsraad Lehmkuhl ya Bergen hiyo ni ya 1914 ina urefu wa mita 98, Alexander von Humboldt II ya Wajerumani. Kuna na moja ya chuo cha bahari cha Gdynia Poland inaitwa Dar Młodzieży, usije ukadhani ni Dar yetu, "dar" kwao ni zawadi, jina lake ni Zawadi ya Vijana. Njia ya pili ni bandari zinazoandaa, manispaa zao mara nyingi zinalipia vijana, na miji mingine ya huko ina urafiki na miji ya huku kwetu, kanisa, shule, hospitali. Ulizia parokiani kwenu au shule uliyosoma kama wana uhusiano na mji wowote wa pwani huko. Mi ningeanzia hapo kabla ya kitu kingine.

Binti_Mpunguzi:
Wapendwa nimerudi, samahani nimechelewa, mwisho wa mwezi kibandani ni vita.

Nilimuuliza yule kaka jina la meli. Akasema "litatajwa baada ya malipo kwa sababu za kiusalama." Nikamuuliza usalama wa nani, akanuna. Nikamwambia nimesikia baharia hatozwi hela ya kutafutiwa kazi, akasema hao waliokuambia wana wivu. Toka juzi hajaja kutoa hela kwangu, anavuka barabara anaenda kibanda cha jirani. Hela yangu ipo.

Nimewaandikia meli tatu kati ya hizo, moja wamejibu, wamesema nafasi za mwaka huu zimejaa ila niandike tena mwezi wa kumi na moja na niambatanishe barua ya kueleza kwanini. Nimeisoma hiyo meseji mara ishirini. Mama nimemsomea ile ya jaketi na kituo, hakusema ndio ila hakulia, akauliza "sasa huko watakupa ugali?"

Kuogelea nimeanza, kuna hoteli moja ina bwawa Jumapili kiingilio elfu kumi, nameza maji tu mpaka sasa. Kama kuna dada anayefundisha hapa Dom naomba aniinboksi, wakaka waliojitolea kunifundisha asanteni lakini hapana.

Af Zabibu Kavu nilienda Mpunguzi Jumamosi nikamwambia babu anionyeshe fundo la ndama. Kacheka sana, kasema mtoto wa mjini leo kakumbuka ng'ombe. Nimelipiga picha hiyo hapo, ndo lenyewe hilo?

Zabibu_Kavu:
Ndo hilohilo! Mwambie babu shikamoo, ila ukilifunga melini mkia wa kamba acha mrefu kidogo kuliko hivyo, kamba za kule zimelowa zinateleza.